Redio inazima nikibonyeza kurusha: ni betri, ni waya, au redio yenyewe?

*“Nina redio ya ridhaa ya HF (masafa mafupi), Icom IC-7300, niko Tanga karibu na bahari. Betri yangu ni ya asidi, ampea-saa 100, inachajiwa na sola. Ipo stoo pamoja na pawa saplai ya ampea 30 ninayotumia umeme wa TANESCO ukiwepo; nimeiweka huko kwa sababu feni yake ina kelele. Kutoka stoo hadi mezani ni mita 6, nimevuta waya wa sola wa 2.5 mm², mwekundu na mweusi, na ninahamisha ncha tu kutoka chanzo kimoja kwenda kingine. Nikipokea, hali ni nzuri: multimita inasoma 12.5 kwenye betri na 12.4 mezani. Nikizungumza kwa SSB (mtindo wa kurusha sauti) kwa wati 100 redio inazima na kuwaka tena. Nikihamia pawa saplai haizimi mara kwa mara, ila wenzangu wa Kenya wananiambia sauti inakwaruza na inamwagika kwenye masafa ya jirani. Fundi mmoja kasema transista za mwisho za redio zimechoka. Mwingine kasema ninunue betri mpya. Wa tatu kasema nipandishe pawa saplai hadi volti 15, au niweke ile kapasita kubwa ya muziki wa gari. Nifuate lipi?”*

Ndugu yangu, kwa sasa usifuate hata moja, na usiifungue redio. Wasiwasi wako ni kwamba huenda unamiliki redio iliyokufa nusu au betri iliyochoka, na wasiwasi huo una haki yake, maana vyote viwili ni ghali. Lakini umeandika jambo ambalo mafundi wote watatu wamelipita: shida inatokea kwenye betri na inatokea pia kwenye pawa saplai. Ukibadilisha chanzo na ugonjwa ukabaki, tafuta kile ambacho hakikubadilika. Kwako ni njia ya mita 6: waya, fyuzi, viungo vyake, na plagi ya nyuma ya redio.

Tena namba zako mwenyewe zinasema zaidi ya unavyodhani. Volti zinazopotea kwenye waya hutegemea mkondo unaopita humo. Ikipokea, IC-7300 hula takriban ampea 1. Ikirusha wati 100, mtengenezaji anataja hadi ampea 21. Umesoma 12.5 kwenye betri na 12.4 mezani, yaani umepoteza 0.1 kwa ampea 1. Zidisha kwa 20. Unapobonyeza kitufe na kupaza sauti, njia ileile inameza volti 2. Hiyo 0.1 uliyoiona ndogo ndiyo ugonjwa wenyewe. Ilikuwa imejificha kwa sababu ulipima redio ikiwa imepumzika.

Tuhakikishe kwa njia ya pili. Shaba ina ukinzani wa karibu miliomu (elfu za omu) 6.9 kwa mita moja ya waya wa 2.5 mm². Umeme huenda kwa waya mwekundu na kurudi kwa mweusi, kwa hiyo mita 6 zako ni mita 12. Hapa watu wengi hukosea: hupiga hesabu ya kwenda na kusahau kurudi. Mita 12 ni kama miliomu 83, na kwa ampea 20 unapoteza volti 1.66 kwenye waya peke yake. Ongeza fyuzi mbili na vishikizo vyake, lagi za betri (vile vishikio vya chuma vinavyobanwa mwisho wa waya) na plagi ya redio, na ni rahisi kupata miliomu 15 nyingine, yaani volti 0.3. Jumla ni karibu 2. Hesabu ya karatasini na vipimo vyako vinakubaliana.

Sasa weka hilo mbele ya kile redio inachohitaji. IC-7300 imetengenezwa kwa volti 13.8, na kiwango kinachoruhusiwa ni asilimia 15 juu au chini, yaani kati ya 11.7 na 15.9 hivi. Betri yako ya 12.5 ikibebeshwa ampea 20 itashuka yenyewe hadi 12.1 au 12.2. Toa 2, redio inabaki na volti 10 na kidogo. Hapo kichakataji chake hakina uhakika wa umeme, kinajianzisha upya. Papo hapo mkondo unarudi ampea 1, volti zinapanda hadi 12.4, redio inawaka kama hakuna kilichotokea, na ukikimbilia multimita unakuta kila kitu ni salama. Kwenye pawa saplai unaanza na 13.8, unatoa 2, unabaki na 11.8, pembeni kabisa mwa mpaka. Haizimi, lakini hatua ya mwisho ya kukuza mawimbi inakosa nafasi ya kupanda: vilele vya sauti vinakatwa vichwa. Kilele kilichokatwa huzalisha masafa ambayo hayakuwemo kwenye sauti yako, nayo ndiyo yanayowasumbua jirani zako kwenye bendi. Wenzako wa Kenya wamekusaidia sana kukuambia. Mrushaji hawezi kuyasikia hayo akiwa kwenye kiti chake.

Kuhusu transista zilizochoka: zinapoharibika, kwa kawaida wati hupungua au mkondo huwa wa ajabu hata chanzo kikiwa kizuri. Kuzima na kuwaka kwa redio nzima si dalili yake ya kwanza. Na kuna jaribio la bure la kuitoa redio lawamani. Ibebe betri hadi kando ya meza. Unganisha redio moja kwa moja kwa kebo yake ya asili, fyuzi zake zikiwemo, bila mita zako 6. Rusha. Ikiwa inasimama imara, redio ni nzima na betri inatosha, umebaki na waya. Ikiwa inazima hata hapo, shaka inahamia kwenye betri, kebo ya asili au redio, na hatua zinazofuata zitakuonyesha ni ipi.

Ushauri wa volti 15 naupinga, na sababu yake iko kwenye hesabu ileile. Upotevu unakuwepo wakati wa kurusha tu. Ukipokea, ampea 1 haipotezi chochote cha maana, kwa hiyo karibu volti 15 zote zinafika kwenye redio na kukaa humo saa nzima. Bado uko ndani ya kiwango, lakini umekula nafasi yote ya usalama, na pawa saplai ikiyumba kidogo unavuka 15.9. Zaidi ya hapo, zile wati zinazopotea njiani bado ziko palepale: volti 2 kwa ampea 20 ni wati 40 za joto zilizotawanyika kwenye waya, fyuzi na viungo. Kupandisha hadi 14 ni sawa kama pawa saplai yako inaruhusu, ila si tiba.

Kapasita ya muziki wa gari, hata iwe ya faradi 1, ukiivuta ampea 20 inashuka volti 1 kila sehemu ya ishirini ya sekunde. Inaweza kuziba kilele kimoja cha neno, haiwezi kubeba sentensi, na kwenye FT8, mtindo wa kidijitali ambako redio inarusha kwa karibu sekunde 13 mfululizo, haisaidii kitu. Juu ya hayo, unapoiunganisha ikiwa tupu inavuta mkondo mkubwa wa ghafla unaochoma ncha za swichi. Na kama yupo atakayekuambia uongeze ukubwa wa fyuzi, mkatalie kabisa. Fyuzi haishushi volti zako kwa kuwa ndogo. Kazi yake ni kulinda waya usiwake moto.

Twende kwenye upimaji, na hapa naomba uwe na subira, maana ndipo fedha inapookolewa.

Unahitaji multimita ya kawaida, na dami lodi, yaani mzigo bandia wa omu 50 unaohimili wati 100. Usipime kwa antena kama unaweza kuepuka: utasumbua bendi, na mawimbi yanayorudi chumbani yatachanganya vipimo. Weka redio kwenye RTTY au FM, mitindo mingine ya kurusha, ili itoe nguvu isiyobadilika. SSB haifai kwa kupimia kwa sababu mkondo wake hupanda na kushuka na kila silabi, na multimita inayosoma mara mbili tatu kwa sekunde itakuonyesha wastani tu; vilele vitapita bila kuonekana. Anza na wati 20, ukiona hali shwari panda hadi 100, na usibonyeze zaidi ya sekunde 10 kwa mara moja. Ni vizuri mtu mwingine abonyeze ukiwa unapima.

Tahadhari moja kabla ya kuendelea: usijaribu kupima ampea 20 kwa kupitisha umeme ndani ya multimita. Tundu lake la ampea 10 litachoma fyuzi yake, na kama ni multimita ya bei ndogo isiyo na fyuzi hapo, utachoma multimita yenyewe. Ukitaka kujua mkondo, tafuta mita ya kubana waya inayosoma DC. Nyingi za bei nafuu zinasoma AC tu, kwa hiyo soma alama zake kabla ya kulipa.

Kipimo cha kwanza ni kwenye vichwa vya betri. Gusisha ncha za multimita kwenye risasi ya kichwa chenyewe, si kwenye lagi iliyofungwa juu yake. Andika volti ukipokea, andika ukirusha. Cha pili ni nyuma ya redio: ingiza sindano nyembamba kwa nyuma ya plagi ya DC hadi iguse chuma cha waya mwekundu, nyingine kwenye mweusi, na uangalie sindano zisigusane. Andika tena ukipokea na ukirusha. Redio yako pia ina mita ya Vd kwenye skrini, yaani volti zinazofika kwenye transista za mwisho. Ilinganishe na unachosoma nyuma. Sasa una tofauti mbili. Betri imeshuka kiasi gani yenyewe, na njia imekula kiasi gani.

Kisha itembelee njia kipande kwa kipande. Geuza multimita kwenye DC, kipimo cha volti 2. Badala ya kuweka ncha moja chanya na moja hasi, weka zote mbili upande mmoja wa umeme, kabla na baada ya kiungo kimoja, halafu mwenzako abonyeze. Namba utakayoiona ndiyo volti zinazopotea ndani ya kiungo hicho peke yake. Anza na kichwa cha betri hadi lagi. Halafu lagi hadi waya wenyewe. Halafu kabla na baada ya fyuzi. Halafu kila mahali waya ulipoungwa, hadi plagi ya redio. Rudia yote kwa waya mweusi. Wengi hupima mwekundu tu kwa sababu ndio una jina la kuwa na umeme, na kiungo kibovu kinakaa kwenye mweusi miaka.

Kwa ampea 20, lagi iliyobanwa vizuri haipaswi kula zaidi ya volti 0.02. Fyuzi pamoja na kishikizo chake, chini ya 0.1. Plagi nzuri, chini ya 0.03 kwa kila ncha. Ukikuta kiungo kidogo kinakula 0.4, usikipuuze kwa sababu namba ni ndogo: 0.4 mara 20 ni wati 8, zimebanwa mahali padogo kuliko kidole. Plastiki itabadilika rangi kuwa kahawia, chuma kitalegea kwa joto, ukinzani utapanda, joto litaongezeka zaidi. Viungo hivyo haviponi vyenyewe, vinaelekea kuungua.

Nikijua uko Tanga, macho yangu yangeenda kwanza kwenye vishikizo vya fyuzi na lagi. Hewa ya chumvi hutengeneza kutu ya kijani kwenye shaba, nayo hupenya ndani ya ganda la waya ambako huioni. Vua kipande cha ganda karibu na lagi. Ikiwa nyuzi za shaba ni nyeusi au za kijani, kata hadi upate shaba inayong'aa, bana lagi mpya kwa krimpa (kifaa maalumu cha kubania lagi) ya saizi yake, kisha funika kwa mpira unaosinyaa wenye gundi ndani. Koleo haibani lagi, inaiponda tu. Vichwa vya betri visugue kwa brashi ya waya na magadi yaliyoyeyushwa kwenye maji, suuza, kausha, kaza, halafu paka mafuta ya mgando juu ya kiungo baada ya kukikaza. Hakikisha maji ya magadi hayaingii ndani ya betri.

Kishikizo cha fyuzi cha bei ya chini ndicho mkosaji ninayemshuku kuliko wote, hasa kile cha duara chenye springi. Springi ikipoteza nguvu, hata fyuzi mpya haisaidii. Tumia kishikizo cha fyuzi bapa za gari chenye waya mnene, 4 mm² au zaidi.

Halafu kuna waya wenyewe. Madukani zipo nyaya za alumini iliyopakwa shaba, zinauzwa kama shaba kwa bei inayovutia. Ukinzani wake ni takriban mara moja na nusu ya shaba, na alumini haipendi kubanwa kwenye lagi za kawaida. Hulegea baada ya muda. Kwangua uzi mmoja kwa kisu: ukiona weupe chini ya rangi ya shaba, umepata jibu. Multimita nayo inasema: kwa ampea 20, waya wako mwekundu wa mita 6 peke yake unapaswa kula karibu volti 0.83. Ukisoma 1.2 au 1.3 na viungo ni safi, ama ni alumini au unene ulioandikwa kwenye ganda si wa kweli. Joto pia linachangia: ukinzani wa shaba hupanda kwa karibu asilimia 4 kwa kila nyuzi joto 10, kwa hiyo waya uliopita chini ya bati mchana wa jua kali unakula zaidi kuliko usiku.

Hukuandika kama waya wako unaanzia kwenye betri moja kwa moja au kwenye matundu ya mzigo ya chaji kontrola ya sola, yale yenye picha ya taa. Kama ni hayo, hamisha leo. Chaji kontrola nyingi za majumbani hutoa ampea 10 au 20 tu pale, kupitia transista zake na vijitundu vya skrubu vidogo, na hukata umeme zikiona volti zimeshuka chini ya 11 hivi. Redio ya wati 100 inapaswa kuchukua umeme kwenye vichwa vya betri, kukiwa na fyuzi isiyozidi sentimita 30 kutoka kwenye kichwa chanya.

Tuseme vipimo vimethibitisha ninachokitarajia. Una njia kadhaa, na zote ni halali kwa kiasi chake.

Ya usiku huu ni kushusha nguvu hadi wati 50. Mkondo hautapungua nusu, utakuwa kama ampea 13 hadi 15, kwa sababu hatua ya mwisho haina ufanisi uleule kwa nguvu ndogo. Lakini itatosha kutuliza redio kwenye pawa saplai, na anayekusikiliza atapoteza desibeli 3, yaani nusu ya alama moja ya S, kipimo cha nguvu ya mawimbi kwenye redio yake. Mara nyingi hata hatatambua. Sauti safi ya wati 50 inasikika vizuri kuliko wati 100 zinazokwaruza, kwa hiyo usione aibu kuishi hapo mpaka upate waya.

Ya kudumu na ya bei ndogo ni kufupisha. Kila mita unayoondoa ni ya kwenda na kurudi. Ukiiweka betri chini ya meza na waya wa mita 1.5, hata 4 mm² inakupotezea volti 0.26 tu. Kama ni betri ya asidi yenye vifuniko vya kuongezea maji, chumba kiwe na hewa, kwa sababu ikichajiwa hutoa haidrojeni, na isiwe kwenye chumba cha kulala. Hilo ndilo linalonifanya nisikusukume sana kuitoa stoo.

Ukibaki na mita 6, ongeza unene. Waya wa shaba wa 6 mm² unakula volti 0.69 kwa ampea 20. Wa 10 mm² unakula 0.41. Wa 16 mm² unakula 0.26. Kwa pawa saplai ya 13.8, 6 mm² inatosha. Kwa betri ya asidi inayoshuka hadi 12.1, kila sehemu ya kumi ya volti ina thamani, na hapo ningechagua 10 mm², nikiweza 16. Karibu na bahari, tafuta waya wenye nyuzi zilizopakwa bati. Rangi yake ni ya fedha, kwa hiyo usiuchanganye na alumini, mwanga wa shaba utauona ukiukwangua. Waya mnene hauingii kwenye plagi ya redio, kwa hiyo uishie kwenye kiungo imara karibu na meza, halafu kebo ya asili ya redio ifupishwe iwe nusu mita hivi, fyuzi zake zikibaki. Weka na fyuzi ya ampea 40 upande wa betri ili kulinda waya mpya.

Na hapa nikuambie ukweli kuhusu betri ya asidi. Hata waya uwe mnene kiasi gani, betri iliyojaa inakaa 12.7 ikipumzika, na iliyofika nusu ni 12.2. Ukitoa mshuko wake wa kurusha na upotevu mdogo wa njia, jioni ukiwa umetumia nusu ya chaji utakuwa mpakani tena. Redio za volti 13.8 zinaipenda zaidi betri ya LiFePO4, aina ya lithiamu, inayokaa 13.2 hivi kwa sehemu kubwa ya chaji yake. Kama siku moja utanunua betri mpya, nunua hiyo, ukihakikisha chaji kontrola yako ina mpangilio wake na saketi ya ulinzi ndani ya betri inahimili ampea 30 mfululizo. Lakini waya kwanza. Betri mpya kwenye waya wa 2.5 mm² ni fedha iliyotupwa njiani.

Kuna vile vifaa vinavyopandisha volti hadi 13.8. Vinafanya kazi, ila vinavuta mkondo mkubwa zaidi kutoka kwenye betri ili kulipia tofauti, hivyo kimoja kikiwekwa mwisho wa waya mwembamba kinazidisha tatizo, na vingi vinaleta kelele kwenye upokeaji. Kwako sioni haja.

Huenda vipimo vikanipinga, na hilo ni sawa. Kama volti zimeshuka hadi chini ya 11.8 kwenye vichwa vya betri vyenyewe, ichaji hadi ijae, iache ipumzike saa 4 au zaidi bila mzigo wala jua, kisha pima upya. Ikiwa bado inaanguka, na ni ya vifuniko, tumia haidromita: seli iliyojaa husoma karibu 1.265, na seli moja ikiwa chini ya wenzake kwa 0.05 imekufa, na betri nzima pamoja nayo. Kama kinachoshuka ni pawa saplai kwenye skrubu zake, soma kibandiko chake: nyingi zinazoitwa za ampea 30 hutoa 30 kwa vilele na kiasi kidogo zaidi kwa mfululizo. Aina ya zamani yenye transfoma nzito huanza kuunguruma sautini umeme wa TANESCO ukiwa chini sana ya 230, na hilo halitibiwi na waya wa DC.

Na kama redio inatulia kabisa kwenye dami lodi lakini inazima kwenye antena, hasa kwenye bendi moja tu, huna upungufu wa volti. Mawimbi yako yanarudi kupitia ganda la koaksia (kebo ya antena) na kuichanganya pawa saplai au redio. Kagua SWR (kipimo cha jinsi antena inavyolingana na redio), zungusha koaksia mara kadhaa kwenye pete ya feraiti ya aina ya 31 karibu na antena, na fanya hivyo pia kwa waya wa DC karibu na redio.

Mpelekee fundi mwenye vifaa kwa mambo haya. Nyuma ya redio unasoma 13 na zaidi ukirusha, lakini Vd kwenye skrini iko chini mno: upotevu uko ndani. Mkondo unapita ampea 23 kwa wati 100 kwenye dami lodi. Plagi ya DC ya redio yenyewe imeungua au pini zake zinacheza. Pawa saplai inatoa zaidi ya 15 bila wewe kuigusa. Hiyo ichomoe papo hapo, kwa sababu transista yake ya kudhibiti ikipiga shoti, redio inaweza kupokea volti 18 au zaidi. Na usifungue pawa saplai nyepesi ya kisasa mwenyewe hata ikiwa imechomolewa: kapasita za upande wa umeme wa nyumbani hukaa na volti 320 hivi.

Ukienda kwa fundi, nenda na ile karatasi ya vipimo: volti kwenye chanzo na nyuma ya redio, ukipokea na ukirusha, wati zilizotoka na aina ya mzigo uliotumia. Akianza kwa kusema transista bila kuitazama, mwombe kwa adabu aunganishe redio kwenye chanzo chake mwenyewe kwa waya mfupi, arushe kwenye dami lodi mbele yako, na apime Vd kabla ya kufungua skrubu yoyote.